Hadithi za Kutisha Hazitoshi Kumpima Mwandishi Akili

Kitengo chetu cha elimu kwa umma kimekuwa kikipokea maswali na malalamiko ya walimu, wazazi na wanafunzi wanaoamini kwamba aliyeandika juu ya maiti zinazofufuka na watu wanaozikwa hai hakosi kuwa mgonjwa wa akili, na anayetajwa zaidi ni Mmarekani Edgar Allan Poe. Nia yao ni njema, lakini madai yao yanahitaji kurekebishwa.

Mwaka 1933 Marie Bonaparte, mfuasi wa karibu wa Sigmund Freud, mwasisi wa saikolojia changanuzi, alichapisha nchini Ufaransa uchunguzi mkubwa wa maisha na kazi za Poe kwa mtazamo wa taaluma hiyo, inayochambua hisia na kumbukumbu zilizofichika akilini. Alidai kwamba wanawake wanaougua, kufa na kurejea katika hadithi zake "Berenice", "Morella" na "Ligeia" wote ni sura za mama yake Poe, Eliza, mwigizaji wa jukwaani aliyefariki Richmond mwezi Desemba 1811 mwanawe akiwa hajatimiza miaka 3, na kwamba msiba ambao mtoto huyo hakuweza kuutamka ulibaki katika ung'amuzi bwete wake, yaani sehemu ya akili ambayo mtu mwenyewe haitambui, hadi ulipopata njia ya kutokea kupitia hadithi. Hoja hiyo inaweza kupingwa, ila angalau inaafikiana na tarehe. Wengi wanaotuandikia husisitiza kwamba Poe aliandika juu ya wake waliokufa kwa sababu alifiwa na mkewe, Virginia. Tunaomba tarehe zisomwe kabla ya hukumu kutolewa: "Ligeia" ilichapishwa mwaka 1838, Virginia alianza kutema damu mwaka 1842, na alifariki mwaka 1847. Ushahidi nao uchunguzwe, kwani Rufus Griswold, aliyeandika wasifu wa Poe baada ya kifo chake cha mwaka 1849, alighushi sehemu za barua za Poe ili kumchafulia jina, na hila hiyo ilianikwa wazi mwaka 1941.

Freud mwenyewe, katika dibaji fupi ya kitabu cha Bonaparte, alitahadharisha kwamba uchunguzi wa namna hiyo haudai kueleza kipaji cha mwandishi.

Ifahamike pia kwamba kumtangazia mtu ugonjwa wa akili kuna taratibu zake. Mwaka 1964 jarida moja la Marekani liliwatumia madaktari wa akili 12,356 dodoso kuhusu mgombea urais Barry Goldwater. 2,417 walijibu, na 1,189 kati yao walisema hafai kiakili kuwa rais, ingawa hawakuwa wamempima. Goldwater alishtaki jarida hilo, akashinda. Mwaka 1973 chama cha madaktari wa akili nchini humo kiliweka kanuni inayomkataza mwanachama kutoa maoni ya kitaalamu juu ya akili ya mtu maarufu bila kumpima na bila kupata ridhaa yake. Anayelalamikiwa hufikishwa mbele ya kamati ya maadili, na akipatikana na hatia anaweza kukaripiwa, kusimamishwa au kufukuzwa uanachama. Kanuni hiyo haiwafungi wahakiki wa fasihi, lakini ikiwa daktari hujizuia, kwa nini msomaji wa hadithi tatu asijizuie?

Kwa hiyo, mwanafunzi anayeandika kwamba msimulizi wa "Ligeia" ameshindwa kuukubali msiba wake, akaonyesha maneno yanayothibitisha hivyo, amefanya uhakiki halali na astahili alama zake. Anayeandika kwamba Poe alikuwa mwendawazimu arudishiwe insha yake, aulizwe amempima lini.