Taa nyekundu ya Alaska sio ya kumuaibisha wa mwisho

Ile meseji inayozunguka kwenye magrupu, eti kwenye mbio za mbwa wa kuvuta sleji (kigari cha kuteleza kwenye theluji) kule Alaska, Marekani, anayeshika mkia anapewa taa nyekundu ili achekwe, sio kweli jamani. Mbio za Iditarod ni kama kilomita 1,600 za theluji na barafu mpaka mji wa Nome, wengi wanajitoa njiani, mbwa wamechoka au wanaumwa, na hao hawapati taa. Anapewa yule wa mwisho KUMALIZA. Mwaka 1973 mbio zilipoanza, wa mwisho alitumia zaidi ya siku 32 na akafika, hiyo ni heshima kabisa.

Watu wanachanganyikiwa sababu zamani, miaka ya 1950, taa hiyo ilianza kama utani kwenye mbio nyingine za mbwa kwenye mji wa Anchorage, hukohuko Alaska. Halafu kuna taa ya pili, inatundikwa kwenye tao la mbao pale Nome tangu siku ya kwanza, inawaka usiku na mchana mpaka wa mwisho aingie, na anaizima yeye mwenyewe.

Ukitaka kuhakikisha fungua tu matokeo rasmi, utaona waliomaliza na waliojitoa wametenganishwa. Basi ikikufikia tena usiifowadi, na aliyekutumia mweleweshe taratibu.