Methoksetamini si ketamini salama

Kila tunapotoa elimu kuhusu methoksetamini, dawa ya kulevya iliyoundwa kwa kuigiza ketamini (dawa ya usingizi ya hospitalini), swali ni lile lile: kama si ketamini, kosa liko wapi? Liko kwenye sheria. Mwaka 2016 Umoja wa Mataifa uliiingiza katika Jedwali la Pili la Mkataba wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Kwa hiyo kuitengeneza au kuiuza kunahitaji leseni, kila shehena inayovuka mpaka lazima iwe na kibali chake, kumbukumbu za kiasi hutunzwa, na mgonjwa hapewi bila cheti cha daktari. Anayekiuka kwa makusudi hushtakiwa kwa jinai. Kosa likiwa zito kuna kifungo, na mzigo hutaifishwa. Maandishi "si kwa matumizi ya binadamu" kwenye pakiti hayamwokoi mtu.

Waliobuni molekuli hii waliondoa klorini ya ketamini, wakaweka kundi jingine dogo la atomi, methoksi, mahali pengine kwenye duara lile lile la atomi, na penye kundi la methili wakaweka la ethili, lililo kubwa kidogo. Basi. Bado inaziba vipokezi vya NMDA, milango ya kupokea ishara kwenye seli za ubongo, ndiyo maana mtumiaji hujiona ametoka nje ya mwili wake. Zaidi ya hapo, inazuia serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia, kurudishwa ndani ya seli, hivyo kuichanganya na dawa za sonona ni hatari.

Linalotutia hofu zaidi ni kuchelewa kwake. Inaweza kupita saa nzima kabla ya mtu kuhisi chochote. Anadhani amepunjwa, anaongeza, kisha vyote vinampanda kwa pamoja. Moyo unakwenda mbio, shinikizo la damu linapanda, anaweweseka, miguu haimbebi. Wapo waliokufa.

Na huu uvumi kwamba haidhuru kibofu, tafadhali tuuache. Ni maneno ya wauzaji. Panya waliopewa dawa hii maabara waliharibika figo na kibofu.

Ketamini ya hospitalini ni jambo jingine: imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na mgonjwa asiikatae kwa sababu ya makala haya.

Methoksetamini haina dawa ya kuipinga mwilini; daktari hulinda pumzi, humtuliza mgonjwa na kumwangalia kwa saa nyingi. Kipimo cha kawaida cha mkojo kinaweza kisiione. Ukimpeleka mwenzako hospitali, sema alichotumia na saa aliyotumia, na pakiti uende nayo.