Gia Ngumu Haimaanishi Giaboksi Imekufa

"Fundi, gia zimekwisha. Nifungulie injini." Mtu hajazima hata pikipiki, hukumu keshatoa. Nimeisikia mara nyingi mno, siku hizi sibishani. Namwambia azime injini, naisukuma pikipiki mbele na nyuma taratibu huku mguu wangu ukipandisha na kushusha gia. Moja, frii, mbili, tatu, zote zinaingia bila ubishi. Sasa hizo zilizokwisha ni zipi?

Giaboksi haijui kama injini inawaka au imezimwa. Meno yakilika au uma wa gia, kile chuma kinachosukuma gia ziingie, ukipinda, ugumu utaukuta hata injini ikiwa kimya. Lakini gia zikiwa laini injini imezimwa, kisha zikagoma ikiwaka, mtuhumiwa wa kwanza ni klachi: haiachii. Umebana mkono wa klachi, ila pleti, zile sahani za ndani ya klachi, bado zimeshikana, injini bado inaisukuma shafti ya giaboksi, na wewe unalazimisha gia itoke ikiwa imebeba mzigo. Lazima igome. Dalili zake huja pamoja: ukiingiza namba moja inagonga "ko!" na pikipiki inaruka mbele, na ukisimama kwenye foleni frii haipatikani mpaka uzime.

Hili unaweza kulipima na kulitengeneza mwenyewe nyumbani. Shika ncha ya mkono wa klachi uucheze kwa kidole kimoja. Kwenye pikipiki nyingi ndogo, ncha inatakiwa itembee bure milimita 10 hadi 20 kabla hujahisi springi zinaanza kuvuta. Kitabu cha pikipiki yako kikisema vingine, fuata kitabu. Ikitembea zaidi ya hapo, nusu ya safari ya mkono inapotea bure na pleti haziachani. Legeza nati ya kufungia, zungusha kirekebishi cha pale kwenye usukani kukitoa nje kidogo kidogo, pima tena, kaza nati. Kirekebishi kikiwa kimefika mwisho wa nyuzi zake, kirudishe ndani chote ukamalizie na kile cha chini kwenye injini. Halafu kata usukani kulia, kisha kushoto. Kama ile nafasi ya mkono kucheza bure inabadilika, waya umepitishwa vibaya, unavutwa kila unapokata kona.

Waya wenyewe usiuamini kwa macho ya juu juu. Uchomoe kwenye mkono uangalie kile kichwa kidogo cha kwenye ncha yake: nyuzi huanza kukatika pale pale, moja moja, na kila inayokatika inaongeza ulegevu. Mtu anayerekebisha klachi leo, kesho imelegea tena, anadhani kirekebishi kibovu. Mimi nikiona uzi mmoja umekatika nabadilisha waya mzima, na wateja hunilalamikia kwa hilo. Walalamike. Ni nafuu kuliko kusukuma pikipiki usiku.

Ukirekebisha yote hayo na klachi bado inavuta, ndipo ufikirie pleti zilizopinda au kugandana, au ile nyumba ya pleti iliyochimbika vijishimo pale masikio ya pleti yanapogonga. Hata hapo kinachofunguliwa ni kifuniko cha klachi pembeni. Injini haipasuliwi.

Wapo pia wanaokwenda upande wa pili: wanakaza waya mpaka mkono hauchezi kabisa, eti klachi iwe kali. Basi pleti hazibani sawasawa, zinateleza, zinaungua. Baada ya muda wanarudi na malalamiko mapya: injini inalia lakini pikipiki haiendi.

"Pedali inakwenda lakini gia haiingii, basi gia zimekatika." Kijana mmoja alikuja kwangu ameshaambiwa na fundi mwingine kwamba injini ishushwe. Nilichuchumaa nikamwambia akanyage pedali, macho yangu yakiwa kwenye ncha ya ule mti unaoingia kwenye injini. Pedali ikashuka, mti umetulia tuli. Akanyage tena: vile vile. Boliti ya kubana ilikuwa imelegea siku nyingi, vijino vya ndani ya pedali vikasagika vikawa laini kama pete ya kidoleni. Mti ulikuwa mzima. Pedali mpya, boliti ikakazwa, akaondoka. Kwa hiyo kabla ya kuitukana giaboksi, angalia pedali na mti vinatembea pamoja. Na kama pikipiki iliwahi kuanguka upande huo, tazama pedali haijapinda ikagusa kifuniko cha injini. Hapo utakuta inapandisha vizuri na kugoma kushuka, au kinyume chake.

"Weka oili nzito, gia zitalainika." Hapana. Oili nzito kuliko inavyotakiwa huzifanya pleti zigandane zaidi injini ikiwa baridi. Na msiweke oili ya gari kwa sababu lilibaki dumu nyumbani. Kwenye pikipiki nyingi zenye gia, klachi inaogelea kwenye oili ile ile ya injini, na baadhi ya oili za gari zina dawa ya kupunguza msuguano inayofanya pleti ziteleze. Tafuta maandishi JASO MA au MA2 kwenye chupa, ndiyo alama ya oili inayofaa klachi ya namna hii. MB waachie wenye skuta.

"Nikisimama gia haishuki, kwa hiyo mbovu." Ndani ya giaboksi gia zinashikana kwa vichwa vinavyoingia kwenye matundu. Magurudumu yakisimama, kichwa kinaweza kukutana na ukuta badala ya tundu. Achia klachi kidogo uibane tena, au sukuma pikipiki sentimita chache, itaingia. Usiipige teke. Zoea tu kushusha gia kabla hujasimama kabisa.

"Inagonga nikibadilisha, giaboksi." Tazama cheni kwanza, ikilegea sana inapiga kila unapofungua na kufunga mafuta. Tazama pia injini isizunguke kasi mno ikiwa frii, maana hapo namba moja itagonga tu.

Sisemi giaboksi haifi. Gia inayoruka yenyewe ukifungua mafuta, hasa ile ile moja kila mara, hiyo ni vile vichwa vya gia vilivyoviringika au uma uliopinda, na hapo injini itapasuliwa kweli. Chanzo kimoja ni mguu unaopumzishwa juu ya pedali safari nzima. Vipande vya chuma kwenye oili uliyomwaga pia ni habari mbaya. Ule unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya boliti ya kumwagia oili ni wa kawaida. Pedali isiyorudi katikati baada ya kukanyagwa ni springi ya kurudisha, na kwenye pikipiki nyingi inafikika kwa kufungua kifuniko cha klachi.

Ukija kwangu na mojawapo ya hizo, tutafungua. Ukija na "gia ngumu" peke yake, nitakuuliza kwanza: ukizima injini, zinaingia?