Treni ya juu ya Bangkok: yanayosemwa na yaliyopo

Jiji likishaelemewa na foleni, halikawii kuiwazia treni ya juu, ile inayopita kwenye reli iliyoinuliwa kwa nguzo. Picha huchorwa, wanasiasa huahidi, na maneno husambaa, mengine ya kweli na mengine ya kubahatisha. Bangkok, mji mkuu wa Thailand, inafaa kutazamwa kwa sababu treni yake ya juu, BTS, inabeba watu tangu 5 Desemba 1999. Ilianza na kilomita 23.5 hivi, njia mbili zinazokutana katika stesheni ya Siam. Muda uliopita unatosha kuyapima yale yanayosemwa.

Dhana: Treni ya juu ikija, foleni itakwisha.

Haijakwisha. Barabara ya Sukhumvit, ambayo treni inapita juu yake, hadi leo hujaa magari jioni. Mtu mmoja akiacha gari nyumbani na kupanda treni, nafasi aliyoiacha barabarani huchukuliwa na mwingine aliyekuwa akiiogopa foleni. Ambacho treni inatoa ni uhakika: anayepanda stesheni ya Mo Chit kwenda Siam anajua atafika saa ngapi, hata kama mvua imefurika barabara ya chini. Kwangu mimi hiyo pekee ni sababu tosha ya kujenga. Lakini kiongozi anayeahidi kwamba barabara zitakuwa nyeupe anawadanganya watu, na siku ahadi hiyo isipotimia, lawama itaishia kwa treni yenyewe.

Dhana: Ukiona nguzo zimesimama, mradi umeshaiva.

Hapa Bangkok ina somo chungu. Mwaka 1990, kabla ya BTS, serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya Hopewell ya Hong Kong, iliyokuwa chini ya mfanyabiashara Gordon Wu, wa kujenga kilomita 60 hivi za reli na barabara za juu. Nguzo zikaanza kuchomoza kando ya reli ya zamani inayoelekea kaskazini. Kisha yakaja mabishano kuhusu kukabidhiwa ardhi, serikali zikabadilika moja baada ya nyingine, fedha zikasuasua, na mwaka 1997 mgogoro wa uchumi wa Asia ukaikumba nchi. Mkataba ulivunjwa 1998, kazi iliyofanyika ikiwa kama sehemu moja ya kumi tu. Mradi mwingine wa treni ya juu, wa kampuni ya Lavalin ya Kanada, ulikuwa umeshafutwa mwaka 1992.

Nguzo za Hopewell zilibaki zimesimama miaka na miaka, hazina reli wala treni juu yake, hata watu wakazifananisha na mawe ya kale ya Stonehenge kule Uingereza. Machi 2012 sehemu ya zege lile lililotelekezwa ilianguka. Kesi ya Hopewell ya kudai fidia nayo ikapanda na kushuka mahakamani kwa miaka mingi. Treni iliyokuja kupita kwenye ushoroba huo, ile ya Laini Nyekundu, ilianza kubeba abiria 2021, miaka 31 baada ya saini ya kwanza.

Kwa hiyo anayetaka kujua mradi uko hai asihesabu nguzo. Aulize ardhi imekabidhiwa hadi wapi, fedha zimetoka wapi, na nani atabeba hasara gharama zikipanda.

Dhana: Treni imepitishwa juu kwa sababu udongo wa Bangkok hauruhusu kuchimba.

Udongo ni laini kweli, na mafuriko yapo. Hata hivyo, treni ya chini ya ardhi ilifunguliwa Julai 2004. Milango ya stesheni zake imeinuliwa, kiasi kwamba abiria anapanda ngazi kadhaa kwanza ndipo aanze kushuka, ili maji ya barabarani yasiingie. Kinachoipendelea treni ya juu ni gharama na muda. Nguzo husimikwa katikati ya barabara ambayo tayari ni ya umma, na vipande vya daraja hufinyangwa kwenye yadi, vikaletwa na kuunganishwa juu.

Dhana: Mwekezaji akijenga kwa fedha zake, mwananchi halipi kitu.

Njia za kwanza za BTS zilijengwa kwa fedha za kampuni binafsi, chini ya mkataba wa miaka 30 na jiji, unaoishia 2029. Makadirio yalisema abiria wangezidi 600,000 kwa siku. Mwanzoni walikuja kama 150,000. Wengi waliona mradi umefeli, na kampuni yenyewe ilielemewa na madeni hadi ikapitia utaratibu wa mahakama wa kuyapanga upya. Abiria waliongezeka polepole, na mwaka 2005 ilifika siku ya safari zaidi ya 500,000.

Lakini malipo hayakuondoka mgongoni mwa watu. Kwanza yapo kwenye nauli. Kwa miaka mingi aliyebadilisha kutoka BTS kwenda treni ya chini kwenye stesheni za Asok au Sala Daeng alilipa upya, kwa kuwa waendeshaji ni wawili na tiketi ni mbili. Kwa mfanyakazi wa kima cha chini anayeishi mbali, hilo linauma kila siku ya Mungu. Pili yapo kwenye hazina ya jiji. Njia zilipoongezwa nje ya zile za mwanzo, jiji liliilipa kampuni kuziendesha, malipo yakachelewa, na Julai 2024 mahakama ya juu ya utawala iliamuru jiji, pamoja na kampuni inayomilikiwa na jiji, walipe baht (fedha ya Thailand) bilioni 11.7 hivi. Fedha za jiji ni kodi za wakazi.

Dhana: Stesheni ikishafunguliwa, imefunguliwa kwa kila mtu.

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. BTS ilifunguliwa ikiwa na stesheni 23, na ni tano tu zilizokuwa na lifti. Kutoka barabarani unapanda hadi ukumbi wa tiketi, kisha unapanda tena hadi jukwaani. Katika stesheni nyingi hata ngazi za umeme zilikuwa za kupandia tu. Mwenye kiti cha magurudumu alibaki chini akiitazama treni, naye ni mlipa kodi kama wengine. Watu wenye ulemavu walikwenda mahakamani, na Januari 2015 mahakama ya juu ya utawala ikaliamuru jiji liweke lifti katika stesheni zote ndani ya mwaka mmoja. Muda huo ulipita kazi ikiwa haijakamilika. Lifti iliyomo kwenye mchoro wa kwanza ni sehemu ndogo ya gharama. Ikiletwa baadaye, inatafutiwa nafasi kwenye njia finyu ya waenda kwa miguu na kugombana na mabomba ya chini.

Dhana: Wanaopinga wanachelewesha maendeleo.

Karakana ya treni ilipangwa iwe kwenye Bustani ya Lumphini, mojawapo ya sehemu chache za kijani katikati ya jiji. Wakazi walikataa kwa maelfu. Karakana ikahamia Mo Chit, treni ikajengwa, na bustani ipo.

Dhana: Reli ikishakuwepo, kuirefusha ni jambo dogo.

Saphan Taksin, kando ya mto Chao Phraya, ilijengwa kuwa kituo cha muda. Imebanwa kati ya pande mbili za daraja la magari, na nafasi ilitosha reli moja tu. Njia ilipovushwa mto mwaka 2009, kulikuwa na mpango wa kuifunga stesheni hiyo. Haikufungwa, kwani abiria wa boti hushuka gatini hapo hapo na kupanda treni. Kwa hiyo treni ya upande mmoja husubiri ya upande wa pili ipite, na kusubiri huko ndiko kunakoweka kikomo cha treni ngapi zinaweza kupita kwa saa kwenye njia nzima ya Silom, moja ya zile njia mbili za mwanzo.