Mwalimu, hiyo PDF yako ni picha

"Notsi zangu zote ziko kwenye PDF, kila mwanafunzi anasoma." Hilo nimelisikia tena wiki iliyopita, Mafiati hapa Mbeya, kwa mwalimu wa kozi ya masafa. Nikafungua faili. Kurasa 60 za kitabu zilizotolewa kopi, zikaskaniwa, nyingine zimelala ubavu, na kivuli cha kidole gumba pembeni.

Hayo si maandishi, ni picha ya maandishi. Mwanafunzi asiyeona aliyeko Makambako akiifungua kwa programu ya kusoma skrini, inanyamaza au inamwambia hakuna kitu. Mwenye uoni hafifu, wakiwamo wengi wenye ualbino, akikuza anapata ukungu, na kila mstari lazima auburuze kushoto na kulia. Hata anayeona vizuri anaumia: faili la picha linakula bando mara nyingi zaidi ya maandishi yaleyale yaliyochapwa.

Kipimo changu ni cha sekunde tano. Kwenye simu, shikilia kidole juu ya neno moja. Lisipochaguka, hiyo ni picha. Rudi kwenye Word uliyoandikia. Kama huna, pitisha kurasa kwenye programu ya kutambua herufi, kisha uzikague mwenyewe, maana majedwali na fomula huvurugika. Na vichwa vya habari vipe mtindo wa kichwa (Heading) wa Word, usikoleze wino tu na kuongeza saizi. Anayetumia NVDA, programu ya kusoma skrini kwenye kompyuta, hubonyeza H akaruka kichwa hadi kichwa. Bila hivyo anasikiliza moduli nzima kutafuta mada ya nne. Nimelisema hili kwenye kila semina, na bado naletewa kidole gumba.

Walimu hunijibu: "Kwangu hakuna mwenye ulemavu." Umewaona lini? Ni masafa! Wengine hawajazi kile kipengele kwenye fomu, nao wana sababu zao.

"Vifaa ni ghali." NVDA ni ya bure, na TalkBack, inayosoma skrini ya simu, tayari imo kwenye simu nyingi za Android. Zote mbili zinaweza kusoma Kiswahili, kwa lafudhi ya ajabu kidogo, lakini kinaeleweka.

"Kiziwi atasoma slaidi." Kwa viziwi wengi lugha ya kwanza ni Lugha ya Alama, Kiswahili ni ya pili. Weka manukuu (maandishi ya yanayosemwa) kwenye video, sentensi fupi, na yale yaliyotengenezwa na mashine yapitie, hasa majina na istilahi.

"Muda wa ziada kwenye mtihani ni upendeleo." Jaribu wewe kusikiliza jedwali la safu sita, kisanduku kimoja kimoja, kisha ujibu swali la tatu.

Na ukirekodi somo, acha kusema "kama mnavyoona hapa". Taja unachokionyesha: "mstari mwekundu unapanda kuanzia Machi."