Kabla ya Kufumbua Fumbo, Lijue Neno

Tangu muhula uanze, chumba chetu cha miswada ya kale hapa Lamu kimepokea wanafunzi wengi wanaotafuta "maana iliyofichwa" ya tenzi. Karibuni. Ila malalamiko kwamba tunawanyima majibu yamezidi, na inafaa nieleze.

Juzi msomaji mmoja alinionyesha kurasa mbili alizoandika kuhusu ndoo: eti ni ishara ya kiu ya roho. Neno lile ni la Kiamu, lahaja ya Lamu, maana yake njoo. Hapakuwa na ndoo wala maji. Tini nayo ni chini, si tunda.

Tazameni Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Mama, ndiye Mwana Kupona mwenyewe, anaugua, ni mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na anamuusia binti yake. Anamwambia atamtungia kidani cha lulu na marijani. Wengi hukiona kidani wakapita. Kitenzi je? Hutunga mwenye shanga na uzi, hutunga na mshairi. Kidani ndio utenzi wenyewe: beti ni lulu, na kile kina cha mwisho kisichobadilika tangu ubeti wa kwanza ndio uzi unaozishika. Mgonjwa yule hatoi mapambo; anamvisha mwanawe maneno yatakayobaki shingoni yeye akishaondoka. Kila nikifika hapo hunibidi nisimame kidogo.

Katika Al-Inkishafi, utenzi wa kale unaosimulia kuanguka kwa mji wa Pate, makinda ya ndege wamelala kwenye madaka ya majumba ya Pate. Tafadhalini, ndege hapo si uhuru! Ingia nyumba yoyote ya kale mjini uone zidaka, ndiyo hayo madaka, ukutani, palipopangwa sahani za thamani. Ukishajua kilichokaa pale, kiota kitakuuma.

Anayetaka kuona muswada aje na kitambulisho, ajaze fomu, ataje muswada na kurasa anazohitaji, akabidhi begi na kalamu ya wino. Tunaruhusu penseli tu. Kurasa hufunuliwa na afisa, si msomaji. Picha huombewa kibali kwa maandishi kabla ya siku ya kuja, na kibali cha kurasa tatu hakifikii ya nne. Anayekiuka hutolewa chumbani siku hiyohiyo, na akitaka kurudi hujaza fomu upya. Wenye miswada nyumbani, msiigundishe kwa selotepu. Gundi yake huila karatasi.

Jambo moja mnalodhani ni uzembe wetu: katika Kiswahili kilichoandikwa zamani kwa herufi za Kiarabu, herufi zilezile zaweza kusomwa baba, papa au pamba. Hivyo afisa akisita msimharakishe. Ikiwa nyumbani kuna bibi anayeughani utenzi huo kwa moyo, mrekodini kwa ridhaa yake mtuletee sauti, tuisikilize ule muswada ukiwa mezani.