Karatasi Inayong'aa Haishiki Muhuri: Dhana Potofu Kuhusu Karatasi za Biashara

"Karatasi nzito inayong'aa ndiyo ya kampuni kubwa."

Kwa kipeperushi, sawa. Kwa barua, ni hasara. Karatasi inayong'aa imepakwa tabaka linalozuia wino kuzama, ndiyo maana picha hutoka kali. Lakini barua yetu haikamiliki bila sahihi na muhuri, na wino wa muhuri hukaa juu juu ya tabaka hilo. Ukipitisha kidole, jina la kampuni linageuka doa. Barua inataka karatasi isiyopakwa, ya gramu 80 hadi 120 kwa mita ya mraba. Mimi husema 100 inatosha: haikwami kwenye printa, na ukiikunja sehemu tatu inaingia vizuri kwenye bahasha ya DL, yenye milimita 110 kwa 220. Gramu 300 au 350 ziachie kadi za biashara.

Kabla ya kulipa, omba karatasi tupu moja, igonge muhuri wako palepale dukani.

"Logo ikionekana safi kwenye simu, itatoka hivyohivyo."

Simu hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu. Mashine ya uchapaji hutumia wino wa samawati, majenta, njano na mweusi. Zipo bluu na kijani kali za kwenye kioo cha simu ambazo wino huo hauzifikii kabisa, kwa hiyo fundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, au River Road, Nairobi, hajakuibia rangi. Kama rangi ni roho ya biashara yako, idhinisha sampuli iliyochapwa kwenye karatasi ileile itakayotumika.

Halafu kuna WhatsApp. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa na kupungua ubora. Itume kama dokumenti. Bora zaidi mdai mbunifu wako faili la vekta, lililochorwa kwa mistari badala ya nukta, ambalo hata likikuzwa kufikia bango halipasuki. Ukikosa, picha iwe na nukta 300 kwa inchi: logo ya upana wa sentimita 5 inahitaji nukta 590 hivi kwa upana. Na kama rangi inafika ukingoni, iongezwe milimita 3 kila upande, maana kisu cha kukatia huyumba kidogo.

"Chapa nyingi, utaokoa."

Kwa ofseti, yaani uchapaji wa pleti (bamba lenye sura ya kazi yako), kweli: gharama ya kutengeneza pleti ni ileile, uchape nakala 100 au 5,000. Dijitali haina pleti, hivyo inafaa kazi ndogo. Ila akiba hiyo huisha siku ofisi ikihama au namba ya simu ikibadilika, ukabaki na maboksi ya karatasi za kufungia vitumbua.

Jambo moja wauzaji hawalitaji: printa ya leza hugandisha tona, ile poda yake ya rangi, kwa joto linaloweza kukaribia nyuzi 200 za Selsiasi. Baadhi ya karatasi zilizochapwa logo kwa tona, zikipitishwa tena humo, logo hulainika na kuachia rangi kwenye rola. Mwambie mchapaji mapema utatumia printa gani.

"Kitabu cha risiti chenye logo kinatosha kwa TRA."

Hakitoshi. Aliyetakiwa na TRA, mamlaka ya kodi ya Tanzania, kutumia EFD, mashine ya kutolea risiti, lazima atoe risiti ya kielektroniki. Kenya nako KRA, mamlaka ya kodi ya huko, ina eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki. Vitabu vya nakala, ambavyo ukiandika juu maandishi hutokea kwenye karatasi za chini, bado vina kazi, hasa kwa hati za kupokelea mizigo. Weka tu kipande cha jalada chini ya seti unayoandika, la sivyo maandishi yatapenya hadi kwa mteja anayefuata.

"Jina limesajiliwa BRELA, basi logo imelindwa."

Hapana. Logo hulindwa kama alama ya biashara, nayo ina usajili wake, hukohuko BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania Bara. Kwa Zanzibar wakala huo ni BPRA. Fanya upekuzi wa alama, uone kama mwingine ameshasajili inayofanana, kabla ya kuchapa rimu kumi.

"Herufi ikikosewa, mchapaji atarudia bure."

Akikiuka sampuli uliyoidhinisha, mdai. Lakini kosa likiwamo kwenye sampuli yenye sahihi yako, kwa kawaida gharama ni yako. Mpe asome mtu ambaye hakuiandaa, na piga simu kwa namba iliyoandikwa humo usikie nani anapokea.